Binti UTI, kitinda mimba sikio, mama mkwe kidonda: mbona dawa moja haijamponya hata mmoja?

MamaWatatu
Jumapili, saa 3:10 usiku

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Nipo Muheza. Mwezi huu nyumba yangu imegeuka wodi. Binti yangu mkubwa, miaka 19, karudi kutoka chuo analalamika mkojo unamchoma, anakwenda chooni kila baada ya dakika kumi na kinachotoka ni matone. Tukaenda maabara moja ya mtaani, wakamtoa damu na mkojo, wakasema ana taifodi na UTI. Kwenye karatasi ya taifodi wameandika O 1:160 na H 1:80. Akapewa azithromaisini, kidonge kimoja kwa siku, siku 3. Akapata nafuu siku mbili, siku ya tano yakarudi yale yale.

Kitinda mimba wangu ana mwaka na miezi minane. Sikio la kushoto linatoa usaha, hii ni wiki ya tatu. Nikaenda duka la dawa, muuzaji akasema dawa ni ile ile azithromaisini ila ya maji, "inaua bakteria wote". Kamaliza chupa, mto bado unalowa kila asubuhi.

Mama mkwe ana kisukari, ana kidonda kisiginoni kinakwenda mwezi wa pili. Naye kameza hiyo hiyo. Hakuna kitu.

Jumatano daktari wa hospitali kaagiza mkojo wa binti uoteshwe. Ijumaa nimepewa karatasi, naiandika kama ilivyo: E. koli, zaidi ya 100,000. Chini kuna majina ya dawa na herufi: ampisilini R, septrini R, sipro R, nitrofurantoini S, gentamaisini S, seftriaksoni S. Daktari mwenyewe yupo zamu kesho jioni.

Naombeni kueleweshwa. Hizo herufi ni nini? Huyo E. koli kaingiaje kwa mtoto msafi kama yule? Na kama bakteria ni bakteria, mbona dawa moja imewashinda wagonjwa watatu?

Kibatari
Jumapili, saa 3:42 usiku

Pole sana dada. Sikio la mtoto lisikusumbue, kamulia maziwa ya mama matone mawili asubuhi na jioni, au mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo. Sote tumelelewa hivyo. Hiyo ya mkojo anywe maji mengi, itajisafisha.

MzeeDarubini
Jumapili, saa 4:55 usiku

Mama Watatu, pole kwa kuuguza. Mimi ni mtu wa maabara, nimestaafu. Miaka 31 nimeotesha mikojo, usaha, damu na maji ya uti wa mgongo. Si daktari, sitakuandikia dawa. Lakini karatasi kama hiyo uliyoishika nimeziandika kwa mkono wangu kwa maelfu, kwa hiyo nitakusomea.

Kabla ya yote naomba jibu usiku huu huu: binti ana homa? Anatetemeka kwa baridi? Anaumwa ubavuni kwa nyuma, chini ya mbavu? Anatapika? Jibu hilo hata kama hujamaliza kusoma.

Sasa karatasi. Mkojo ukifika mezani tunachovya kitanzi cha waya kinachobeba maikrolita 1, tone dogo hata jicho halilioni vizuri, tunalipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, sahani inalala usiku mzima kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi kila bakteria aliyetua pale ameshazaa kituta chake. E. koli kwenye sahani yetu huota vituta vya waridi, vikavu kidogo, vimejaa kama upele wa joto. Nikihesabu vituta 100 kwenye tone lile, maana yake mililita 1 ya mkojo ina bakteria 100,000. Ndiyo namba uliyoiona. Wakiwa wachache sana, na wa aina tatu nne zilizochanganyika, mara nyingi ni uchafu wa ngozi umeingia kikoponi. Wakiwa 100,000 na aina moja tu, huyo ndiye.

Halafu tunamchukua huyo mmoja, tunamtandaza sahani nzima, juu yake tunapanga vipande vya karatasi vidogo kama kifungo cha shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Tunarudi kesho yake. Dawa inayomuweza inakuwa imezungukwa na duara safi, kama mtu kapitisha kitambaa. Dawa isiyomuweza, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Tunapima duara kwa rula, milimita kwa milimita. S maana yake duara ni pana, dawa inamuweza. R maana yake ni sugu. Kwa hiyo huyo wa binti yako ampisilini, septrini na sipro anaziangalia tu.

Kaingiaje? E. koli anaishi kwenye utumbo wako, wangu, wa daktari na wa shehe. Tunaokotana naye siku za kwanza za maisha. Akiwa utumboni kwa kawaida hana neno. Tatizo ni kuhama. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa takribani sentimita 4, ya mwanamume takribani 20, na ya mwanamke imekaa jirani na njia ya haja kubwa. Hapo ndipo wanawake wanapoonewa. Tafadhali usimsimange binti kwamba ni mchafu au ana tabia mbaya. Nimeona mabinti wanakuja maabara wameinamisha kichwa kwa sababu mtu nyumbani kawatamkia neno, na kumbe ni hizo sentimita 4. Katika UTI kumi za kawaida, saba au nane ni yeye E. koli. Waliobaki ni klebsiela, stafilokokasi wa aina moja anayependa wasichana, na proteusi. Proteusi huwezi kumsahau ukimwona mara moja: hatulii kwenye kituta, anatambaa sahani nzima kwa mawimbi, kama mistari ya mchangani maji yakishakupwa.

Swali lako la tatu ndilo zito, na ndilo limenitoa kitandani. Bakteria si bakteria tu. Kila pahali pa mwili pana wenyeji wake na wavamizi wake. Mtu wa maabara akipokea kikopo, kitu cha kwanza anachotafuta kwenye fomu ni neno moja: imetoka wapi? Ukiniambia kooni, tayari najua ninatafuta nani na nitumie sahani gani. Ukiniambia sikioni, nabadilisha. Fomu isiyo na hilo neno nilikuwa nairudisha, na wauguzi walininunia miaka yote.

Chukua koo. Koo la mtoto likiuma, mara nyingi ni virusi, hakuna antibaotiki inayosaidia. Lakini yupo streptokokasi, na huyu namchukia kuliko wote. Kwenye darubini anaonekana zambarau, amejipanga mnyororo kama shanga uzini. Ili kumtambua tunahitaji sahani yenye damu ya kondoo. Pale nilipofanya kazi muda mrefu tulifuga kondoo nyuma ya maabara, dume moja tulivu, tulimtoa damu kidogo kwa zamu na tukamlisha majani ya mgomba na pumba. Streptokokasi akiota kwenye damu ile anakula chembe zote zinazomzunguka, unabaki mduara mweupe unaopitisha mwanga, ukiinua sahani dirishani unaona mti wa nje. Penisilini, dawa ya zamani kabisa na ya bei ya chini, hadi leo inamuua. Asipotibiwa, koo linapona lenyewe na mama anashukuru, halafu wiki mbili au tatu baadaye viungo vinavimba, na kinga ya mtoto iliyoundwa dhidi ya streptokokasi inageukia vali za moyo. Vijana wengi wanaofanyiwa upasuaji wa vali Dar es Salaam, historia yao inaanzia kwenye koo la utotoni. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na tano mwenye koo jekundu, mitoki imevimba shingoni, ana homa na hana mafua wala kikohozi, huyo apelekwe akaonwe.

Sikio la kitinda mimba wako ni habari nyingine. Sikio la kati lina mrija unaoshukia kooni, na kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi tena umelala, haujainama kama wetu. Mafua yanapanda. Siku za mwanzo, sikio linapouma na mtoto analia usiku, wahusika wakuu ni nyumokokasi na hemofilasi, na hao kwa kawaida hutibika kwa amoksilini. Lakini usaha ukizidi wiki mbili, ngoma ya sikio imeshatoboka na wapangaji wamebadilika. Sasa kuna sudomonasi, proteusi, stafilokokasi. Sudomonasi anapenda majimaji. Sahani yake ni ya kijani kama shaba iliyoota kutu, na ina harufu tamu, ya zabibu; nilikuwa namjua kabla sijafunua mfuniko. Huyu azithromaisini haimgusi kabisa. Hata ungempa mtoto chupa tano.

Na hapa ndugu yangu Kibatari naomba unisikilize bila kukasirika. Ngoma ikishatoboka, unachomimina sikioni kinaingia ndani moja kwa moja. Maziwa yana sukari na protini, na sisi maabara bakteria tunawalisha vitu vya namna hiyo hiyo. Mafuta yanaziba. Sikio la namna hii dawa yake ya kwanza ni ukavu: kitambaa safi laini cha pamba kisokotwe kama utambi wa kibatari, kiingizwe taratibu, kikilowa kitolewe, kiwekwe kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara 3 kwa siku. Si njiti ya pamba, wala kijiti cha kiberiti. Ndipo matone ya dawa ya sikio yanapofuata, na hayo mhudumu wa afya ndiye atakayeyachagua, kwa kawaida kwa wiki mbili. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, usingoje asubuhi.

Kuhusu ile karatasi ya taifodi ya mtaani: kipimo cha Widal kilianza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria, kinatafuta alama za kinga zilizobaki mwilini. Mtu aliyewahi kukutana na salmonela, jamii ya bakteria wa taifodi, miaka iliyopita, au hata na homa nyingine, anaweza kusoma 1:160. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakithibitishi kitu. Salmonela wa taifodi anatafutwa kwa kuotesha damu. Ninaumia nikiona watu wanamezeshwa dawa za taifodi kila baada ya miezi miwili kwa karatasi za namna hiyo.

Kidonda cha mama mkwe nitakiandikia kesho, nikiwa na nguvu.

MamaWatatu
Jumapili, saa 5:20 usiku

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, nimesoma mara mbili. Nimekwenda kumwamsha binti nimuulize. Tangu jana mgongo unamuuma upande wa kulia, hapo hapo chini ya mbavu, alidhani ni godoro. Jioni alijifunika mablanketi mawili anatetemeka, nikampa panado. Ametapika mara moja. Je nisubiri kesho jioni daktari aliyeagiza?

MzeeDarubini
Jumapili, saa 5:26 usiku

Marahaba mwanangu. Usisubiri. Mpeleke usiku huu kama kuna usafiri, kama hakuna basi alfajiri kabla ya kitu kingine chochote. Nenda na karatasi hiyo mkononi, imuoneshe yeyote aliye zamu.

Sababu ni hii. Hizo dalili zinaonesha E. koli amepanda kutoka kibofuni kwenda kwenye figo. Kwenye karatasi yako nitrofurantoini ina S, na mtu anaweza kukuuzia hiyo dukani kwa nia njema. Lakini dawa ile mwili unaichuja upesi na kuimwaga kwenye mkojo. Kibofuni inakuwa kali, kwenye damu na kwenye nyama ya figo haifikii kiwango cha kuua. Sahani yangu ya maabara haina figo. Inakuambia dawa inamuweza bakteria, haikuambii kama dawa itamfikia alipo. Ndiyo maana mwenye kuchagua kati ya zile S tatu ni daktari aliyemshika mgonjwa ubavu. Mwambie pia kama binti anaweza kuwa mjamzito, asione aibu, kuna dawa zinabadilika.

DukaMtaaWaPili
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mimi nauza duka la dawa muhimu, wilaya ya Kilosa. Nimesoma uzi huu nimejisikia vibaya kwa sababu na mimi nimeshasema maneno hayo, "inaua wote". Mteja anakuja na shilingi elfu moja mia tano anataka "antibaotiki ya nguvu", ukimwambia nenda kapime anakwenda duka la pili. Mzee, kuna namna ya kumsaidia mtu kama huyo bila kumdanganya?

MzeeDarubini
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Ipo, na nakushukuru kwa kusema. Muulize ni wapi na ni tangu lini. Mafua na kikohozi cha siku tatu kwa mtu mzima anayepumua vizuri: ni virusi, muuzie cha kutuliza homa na umwambie ukweli. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi: makohozi yakapimwe kifua kikuu, kipimo na dawa ni bure, na awe amekohoa kutoka kifuani, si mate. Kuhara majimaji kwa mtoto: mara nyingi ni virusi, hasa vya rota, japo vimepungua tangu chanjo iingie Tanzania Januari 2013, muuzie chumvichumvi za kuongeza maji na zinki, hiyo ndiyo tiba. Kuhara kama maji ya mchele, kwa wingi, na jirani naye anahara: hicho ni kipindupindu mpaka kithibitike vinginevyo, anakwenda kituoni mbio na wewe unatoa taarifa. Kuhara damu: mara nyingi ni bakteria aitwaye shigela, watu wanasema amiba kila siku lakini amiba niliowaona kwenye darubini, wale wanaotembea kweli na wana chembe nyekundu tumboni, ni wachache kuliko wanaoandikwa kwenye karatasi.

Mapunye kichwani kwa mtoto ni fangasi, antibaotiki haina kazi hapo. Utando mweupe mdomoni kwa kichanga ni kandida, naye ni fangasi, na mara nyingi anajitokeza baada ya antibaotiki kufukuza wenyeji waliokuwa wanamzuia. Hili la wenyeji watu hawalijui. Ukimeza dawa ya koo, inapita pia utumboni na ukeni, inafagia waliokuwa wanalinda nyumba, na wanaobaki ni wale sugu. Wizara wanaita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Nilipoanza kazi, septrini ilikuwa inatengeneza duara kubwa kwa E. koli, unapima unafurahi. Miaka yangu ya mwisho karatasi ya septrini nilikuwa naipanga kwa mazoea tu.

BabaSele
Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Mzee shikamoo. Kijana wangu ana selimundu, miaka 7. Mwaka jana mguu ulivimba tukajua ni maumivu yale ya kawaida ya selimundu, wiki mbili homa haishuki. Walipofungua wakatoa usaha kwenye mfupa, wakaotesha, jibu likasema salmonela. Nilishangaa sana, nikauliza salmonela si wa tumboni? Hakuna aliyenijibu hadi leo.

MzeeDarubini
Jumatatu, saa 5:00 asubuhi

Marahaba. Pole, na hongera kwa kutokata tamaa wiki mbili zile. Uliuliza swali la maana. Mfupa wa mtoto wa kawaida ukioza usaha, mshukiwa wa kwanza ni stafilokokasi. Mtoto wa selimundu ni tofauti: salmonela anapanda juu ya orodha. Chembe zilizopinda mundu zinaziba mishipa midogo ya utumbo, ukuta wake unadhoofika, salmonela anapenya kuingia kwenye damu. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja wavamizi kwenye damu, kwa watoto hawa huwa imeshachakaa mapema, hakuna wa kumzuia. Na ndani ya mfupa kuna vipande vilivyokufa kwa kukosa damu, anajificha humo.

Kwa sababu hiyo hiyo ya bandama, nyumokokasi kwa mtoto wa selimundu ni hatari ya saa chache. Ndiyo maana wadogo wanapewa penisilini kila siku hadi miaka 5, na chanjo zao zisirukwe hata moja. Homa kwa mwanao haisubiri kesho.

Mwambao_Likoni
Jumatatu, saa 7:40 mchana

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Mzee, na macho je? Mapema 2024 huku kwetu tulipatwa na macho mekundu mtaa mzima, na Tanzania pia nasikia. Watu walitia dawa ya macho ya antibaotiki, wengine maji ya chumvi, wengine hata mkojo. Nini kilikuwa?

MzeeDarubini
Jumatatu, saa 8:10 mchana

Waaleikum salaam. Virusi. Jicho linalowasha na kutoa machozi, likaruka kwa ndugu wote ndani ya siku mbili, ni virusi, huisha lenyewe kwa wiki moja au mbili ukinawa mikono na kila mtu akawa na taulo lake. Wazee wanaita Apolo. Jina lilizuka Afrika Magharibi mwaka 1969, mlipuko ulipoanzia Accra mwaka ule ule chombo cha Wamarekani kilipotua mwezini. Mkojo msitie kabisa. Wapo bakteria wa kisonono wanaopita kwenye mkojo wa mtu asiyejijua, wakiingia jichoni wanaweza kulitoboa kioo chake. Kichanga cha siku chache mwenye usaha mwingi machoni, huyo naye ni mbio hospitali, kwa sababu hiyo hiyo.

MamaWatatu
Jumatano, saa 2:50 usiku

Wapendwa, narudi na habari. Usiku ule bodaboda wa jirani alitupeleka. Binti kalazwa, daktari wa zamu alivyoona karatasi alisema mmefanya vizuri kuja nayo, akaanzisha sindano ya seftriaksoni usiku ule ule. Leo homa hakuna, kala wali na samaki. Wamesema figo ni kweli.

Sikio: nimeanza utambi tangu Jumatatu, mara 3. Kitambaa nilichokitoa mara ya kwanza kilikuwa cha kijani, mzee, kama ulivyosema, nikakinusa na moyo ukanipiga. Kituoni wametupa matone. Leo asubuhi mto ulikuwa mkavu. Sijui kama nisherehekee.

Sasa ile ahadi ya kidonda. Mama mkwe kesho anakwenda kliniki ya kisukari, nimuombee wapanguse usaha wakaoteshe?

MzeeDarubini
Jumatano, saa 3:35 usiku

Alhamdulillah kwa binti. Amalize dawa zote hata akicheka. Sikio endelea, matone hadi mwisho wa wiki mbili walizokwambia, kisha arudi lichunguzwe ndani.

Kidonda. Hapa nakuomba uwe mkali kidogo, kwa adabu. Ukipangusa juu ya kidonda cha miezi miwili kwa pamba, utaniletea kila mpita njia: wa ngozi, wa sakafu, wa bandeji ya juzi. Nitaotesha aina tano, nitaandika majina matano, na daktari atashindwa kujua nani mwenye kosa. Nimeandika majibu mengi ya namna hiyo na sikuyapenda. Kinachotakiwa ni kidonda kisafishwe kwanza kwa maji safi ya chumvi, nyama iliyokufa iondolewe, halafu kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kutoka chini kabisa. Hicho kikija mezani, tunaanza kwa kukipaka kwenye kioo na kukitia rangi. Nikiona zambarau, mviringo, wamekusanyika kama kishada cha zabibu, najua stafilokokasi kabla hata sahani haijaota. Huyo ndiye mkuu wa majipu na vidonda, na karibu watu 3 kati ya 10 wanatembea naye puani bila kuumwa. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha muda mrefu kilichopita antibaotiki, hategemewi peke yake: wanaungana naye wale wa utumboni na wasiotaka hewa. Hawa wasiotaka hewa wananuka, ukifungua bandeji unawajua.

Ongea na daktari mambo manne: kidonda kina muda gani, dawa gani zimeshamezwa na kwa siku ngapi, sukari yake ya wiki hii, na kama kijiti cha kupimia kikiingizwa kinagusa kitu kigumu. Kikigusa mfupa, habari inabadilika, atahitaji picha na matibabu ya muda mrefu. Kidonda kisipooteshwa chochote kabisa, kama ni kikavu, hakina joto wala uvimbe, pia ni sawa. Kidonda kisicho na maambukizi hakihitaji antibaotiki, kinahitaji kutobebeshwa uzito wa mwili, na sukari kushuka. Asikanyage kisigino.

MamaWatatu
Jumatano, saa 3:58 usiku

Nimeandika yote kwenye karatasi nimeiweka kwenye kadi yake ya kliniki. La mwisho mzee: binti atatakiwa kurudia mkojo akimaliza dawa. Mara ya kwanza tulikinga asubuhi saa 12, tukafika maabara saa 4 kwa ajili ya foleni ya daladala. Kuna ubaya?

MzeeDarubini
Jumatano, saa 4:12 usiku

Upo. E. koli akiwa kwenye mkojo wa vuguvugu anaweza kujigawa na kuwa wawili kila dakika 20. Mmoja wa saa 12 asubuhi, saa 1 ni 8, saa 2 ni 64, saa 4 ni zaidi ya 4,000. Namba 100,000 inakuwa haina maana tena. Safari ile dalili zake na figo vimethibitisha, lakini ya kurudia tusibahatishe.

Akakojolee pale pale maabara. Ajisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, mkojo wa mwanzo uende chooni, akinge wa katikati, asiguse ndani ya kikopo wala mfuniko. Ndani ya saa 2 uwe umeshapakwa kwenye sahani, la sivyo ukae kwenye friji ya maabara. Na juu ya fomu, paleee kwenye mstari wa "aina ya sampuli" ambao wengi wanauruka, hakikisha wameandika: mkojo wa katikati, amemaliza dawa tarehe fulani, jina la dawa fulani.